Kipande cha Gari Kikilegea, Tukirudishe Mapema



Ukisimama pale Minjila, njia panda ya Garsen, utaona magari ya kila aina yakipita: matatu za Malindi na Hola, pikapu za mizigo, Probox, malori ya Lamu. Hayakosi yenye bampa iliyofungwa kwa kamba, madigadi inayopepea, au ule mkanda wa plastiki wa mlangoni unaoning'inia upande mmoja. Ukimuuliza mwenye gari atakwambia, "Hiyo ni urembo tu, injini haina maneno."

Sisi tunaona si urembo tu. Kipande kikiachia gari likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, anayekipokea ni yule wa bodaboda aliye nyuma, pengine amebeba mama na mtoto. Kikijikunja kuingia kwa gurudumu la mbele, huweza kukata tairi au paipu ya breki. Hapo walio hatarini ni abiria wako mwenyewe.

KWA NINI VINALEGEA?

Sababu ni tatu. Kwanza ni mtikisiko. Njia za udongo zinazoingia vijijini zina matuta madogo madogo kama mbavu, na gari likitetemeka siku nzima skrubu hujifungua zenyewe. Pili ni jua. Plastiki na klipu zikipigwa na joto miaka mingi hukauka na kuvunjika kama kijiti. Tatu ni maji, tope na chumvi. Mafuriko kama yale ya El Nino ya 1997 na 1998, na yale ya 2023 na 2024, huacha tope nyuma ya vipande hivi. Tope hilo hukaa na unyevu, na bati huoza polepole bila mtu kuona. Gari linalobeba mizigo ya chumvi kule Gongoni huoza haraka zaidi.

ANGALIA KWANZA

Kabla ya kununua gundi, jua kipande kilishikwa na nini. Vingine hushikwa na klipu za plastiki, vingine skrubu, vingine tepu nene ya pande mbili. Vingi vina mbili pamoja. Kama klipu tatu kati ya tano zimevunjika, gundi haitafanya kazi ya klipu. Nunua klipu za saizi ile ile. Nenda na moja ya zamani mkononi ili usiuziwe isiyoingia. Kama bati limebonyea, linyooshwe kwanza, maana kipande kisipolala vizuri kitajivuta mpaka kiachie tena.

JINSI YA KUKIRUDISHA

1. Weka alama kwa selotepu juu na chini ya kipande, ili ujue kinarudi wapi.

2. Kama kimeshikwa na tepu, usikivute kwa bisibisi, utakwaruza rangi na kuvunja plastiki. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, upitishe nyuma yake, uende nao kama msumeno.

3. Toa tope na tepu ya zamani yote. Masalio ya gundi hutoka kwa kusuguliwa na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Kisha osha kwa sabuni na maji, acha pakauke.

4. Ukikuta kutu, piga msasa mpaka bati safi lionekane, upake rangi ya kuzuia kutu, ikauke kabisa. Ukifunika kutu bila kuitibu, itaendelea kula bati huko ndani.

5. Pangusa pande zote mbili kwa kitambaa safi chenye spiriti. Usitumie petroli, huacha mafuta. Thina nayo hutoa rangi na kuyeyusha plastiki. Baada ya hapo usiguse kwa vidole.

6. Bandika tepu mpya ya magari, kipande ukiweke penye alama, ukibonyeze kwa nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kazi hii ifanywe asubuhi kama saa mbili, chini ya mti. Jua la saa saba hufanya bati liunguze mkono, na tepu haishiki vizuri.

Tepu nzuri hupata nguvu yake kamili baada ya siku tatu. Siku ya kwanza gari lipumzike ikiwezekana, na usilioshe kabla ya siku hizo kwisha. Wengi hushindwa hapa: fundi amemaliza, dakika kumi baadaye gari liko barabarani, jioni kipande kimeachia, halafu lawama anapewa fundi.

SKRUBU NA SUPAGLU

Kwa bampa na madigadi, skrubu au bolti ndiyo dawa. Weka washa pana, na chini yake kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kupunguza mtikisiko. Usitoboe tundu jipya kabla ya kuangalia nyuma yake kuna nini: nyaya, paipu, au tangi la mafuta. Vile vile usizibe vitundu vya chini ya milango, hivyo ni vya kutolea maji.

Supaglu haifai. Ikikauka huwa ngumu kama kioo, na mtikisiko huivunja.

UKIWA NJIANI

Kikilegea safarini, simama. Kama kinatoka, kitoe ukiweke ndani ya gari. Kufunga kwa waya ni kwa kukufikisha kwa fundi tu, na hakikisha ncha ya waya haigusi tairi.

Tunawaomba madereva na vikundi vyenye gari la pamoja: kila asubuhi, mkishaangalia maji na oili, zungukeni gari na kutingisha bampa, madigadi na mikanda kwa mkono. Ni kazi ya dakika mbili. Kinachocheza leo kikazwe leo, kabla gari halijapakia abiria.