Mlima wa Taka Uliomeza Watoto

Ajali ya mgodini kwa kawaida twaisikia kwa hesabu ya wachimbaji waliofukiwa chini. Lakini wapo waliouawa na makaa ya mawe bila kuwahi kutia mguu shimoni. Hao ni wanafunzi wa Aberfan, huko Wales.

Kwa miaka mingi taka za mgodi zilirundikwa mlimani, juu ya kijiji hicho. Lundo la saba liliwekwa juu ya chemchemi! Baraza la mji liliandika barua za kuonya mwaka 1963, lakini lundo likaendelea kukua. Asubuhi ya Ijumaa, Oktoba 21, 1966, liliporomoka likaifunika Shule ya Pantglas na nyumba jirani. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Wachimbaji walitoka shimoni mbio, wakaenda kuwafukua wana wao wenyewe.

Tume ya uchunguzi iliilaumu Halmashauri ya Kitaifa ya Makaa mwaka 1967. Halmashauri ililipa pauni 500 kwa kila mtoto. Kisha pauni 150,000 zikachotwa katika michango ya wafiwa ili kuondoa malundo yaliyosalia. Zilirudishwa mwaka 1997, bila riba.

Mzazi mwenzangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukiona taka au machimbo yakisogelea shule ya wanao, usiridhike na barua isiyojibiwa. Waite wenzako, mwende pamoja, mrudi tena na tena, kabla mvua haijanyesha.