Kalori kwenye Menyu: Je, Kuandika Namba Kunatosha?

Kamati zetu zinapopanga kazi za afya, jambo la kwanza kufikiriwa huwa ni elimu: tuwape watu habari, nao watabadilika. Katika toleo hili tunaangalia namna fikra hiyo ilivyojaribiwa kisheria huko Marekani na Uingereza, na mafunzo tunayoweza kuyapata.

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kutoka kwenye chakula. Kwa ushauri wa jumla, mtu mzima hukadiriwa kuhitaji kama kalori 2,000 kwa siku, ingawa hitaji hilo hutofautiana kwa umri, jinsia na kazi. Nguvu isiyotumika huhifadhiwa mwilini kama mafuta, na unene uliokithiri huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Anayepika nyumbani anaona mafuta na sukari anayotia. Anayekula mgahawani haoni. Kwa sababu hiyo, mwaka 2008 jiji la New York lilizitaka kampuni za migahawa zenye matawi 15 au zaidi nchini Marekani ziandike kalori za kila chakula kwenye menyu. Sheria ya taifa zima ilipitishwa mwaka 2010, ikihusu kampuni zenye matawi 20 au zaidi, na utekelezaji wake ukaanza Mei 2018. Kule England sheria ilianza Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Mgahawa mdogo wa familia haukuguswa.

Matokeo yake ni yapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifanyika katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini New York. Kati ya wateja walioziona namba, kama 28 kwa kila mia walisema ziliwasaidia kuchagua. Lakini risiti zilipokaguliwa, kalori walizonunua hazikuwa zimepungua. Kwenye maduka ya kahawa ya Starbucks jijini humo, kalori kwa kila manunuzi zilishuka kwa asilimia 6, hasa kwenye vyakula, si vinywaji. Mwaka 2025 shirika la Cochrane lilijumlisha tafiti 25 na kuona kwamba kwenye mlo wa kalori 600, maandishi hayo hupunguza kama kalori 11. Hizo hazifiki hata kijiko kimoja cha chai cha sukari.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mtu anafika akiwa na njaa, ana haraka, na anaangalia kwanza bei. Namba inamtaka apige hesabu wakati huohuo. Tena wapo wenye maradhi ya kuogopa kula, ambao namba hizo zinaweza kuwaumiza; ndiyo maana sheria ya England inaruhusu mteja akiomba apewe menyu isiyo na kalori.

Hata hivyo, hatusemi kwamba sheria hizi ni bure. Mteja ana haki ya kujua anachokula. Pia namba iliyo wazi humgusa hata mpishi. Uchunguzi wa kampuni kubwa za migahawa Marekani ulionyesha kwamba vyakula vipya vilivyoingizwa kwenye menyu mwaka 2013 vilikuwa na kalori pungufu kuliko vile vya mwaka uliotangulia. Chungu kikibadilika, hata asiyesoma menyu ananufaika.

Hapa kuna funzo kwa kamati na kwa wafadhili wetu. Ripoti inayosema watu wangapi walisikia mafundisho haijasema wangapi walibadilika. Wale 28 kwa mia walisema kweli kama walivyoona wao, lakini risiti zilisema vingine. Kwa hiyo tupime matendo, si maneno tu. Na pamoja na kubandika mabango, tuangalie kinachopikwa kwenye semina na sherehe zetu wenyewe: mafuta ni kiasi gani, chai inatiwa sukari jikoni au kila mtu anajipimia, na kama maji safi yapo mezani pamoja na soda.

Tunaziomba kamati zijadili jambo hili zinapoandaa mipango na bajeti ya afya.