Viti Vigumu vya Pompeia

Kiwanda kikifa, mjadala huwa wa matofali: yabaki au yabomolewe? Mimi naona swali la kwanza ni jingine: nani wameshaanza kukitumia? Jijini São Paulo, Brazil, SESC, taasisi ya kuwahudumia wafanyakazi wa biashara, ilinunua mwaka 1971 kiwanda kikuukuu cha mapipa mtaani Pompeia. Msanifu majengo Lina Bo Bardi, Mwitaliano aliyehamia Brazil mwaka 1946, alipoanza kazi hapo mwaka 1977 hakukuta magofu. Alisimulia mwenyewe kwamba siku za mapumziko vijana walisakata mpira humo, wakicheka huku mvua ikivuja paani na madimbwi yakiwarukia. Akina mama wakichoma nyama mlangoni, na karibu nao vikaragosi vikichezeshwa. Akaamua hayo yaendelee. Lipu ikaondolewa kwa kupulizwa mchanga, matofali na nguzo za zege vikabaki wazi. Ndani ya banda kuu sakafu ikakatwa, ukapitishwa mfereji wa maji unaojipinda, ukaitwa São Francisco kama mto mkubwa wa nchi hiyo. Kituo kikafunguliwa mwaka 1982.

Uamuzi huo unaonekana zaidi kwenye ukumbi wa maonyesho. Jukwaa liko katikati, watazamaji wamekaa pande mbili wakitazamana, hivyo nyuma ya mwigizaji unaziona nyuso za wenzako. Viti ni mbao tupu, hakuna hata mto. Wanaolalamika wana haki yao: saa mbili juu ya ubao si mchezo. Bo Bardi alijibu kwamba Wagiriki na Warumi walikalia mawe, na kwamba mito ililetwa na kumbi za wafalme. Jibu lina maringo kidogo, maana mgongo hausomi historia; ila mtazamaji aliyekaa hivyo hasahau kwamba yuko na watu.

Pingamizi zito ni la fedha. Katika miji mingi, kiwanda kikishageuzwa nyumba ya sanaa, kodi za jirani hupanda na wenyeji wakasukumwa nje, na kuta nzuri haziwezi kulizuia hilo. Pompeia ina mfuko tofauti. SESC huendeshwa kwa mchango wa lazima wa waajiri wa biashara, asilimia 1.5 ya mishahara wanayolipa, kwa hiyo tiketi haibebi gharama zote. Mtu huingia banda kuu, akakaa kando ya mfereji na gazeti lake, na hakuna anayemuuliza atanunua nini.