Somo la Mtandaoni Lahitaji Mtu wa Kulifuatilia

Machi 17, 2020, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kutokana na korona. Kidato cha sita walirejea Juni 1, na wengine Juni 29. Katika miezi hiyo, masomo yalirushwa redioni na televisheni. Leo vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka katika maktaba mtandao yake, na zipo shule zinazotuma kazi za likizo kwa simu.

Hii ni neema. Lakini katika kaya nyingi za mkoa wetu wa Dodoma, kuanzia Kizota hadi vijiji vya Kondoa, simu yenye intaneti ni moja kwa nyumba nzima. Baba akiondoka nayo asubuhi kwenda mnadani, somo nalo limeondoka. Akirejea baada ya Isha, mtoto amechoka na bando limekwisha.

Kufundisha kwa mbali si jambo geni nchini. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia kwa redio watu wazima wapatao milioni 2. Kabla ya matangazo, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Wanakijiji walisikiliza pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Bila kiongozi wa kikundi, sauti ya redio ingepita hewani tu.

Ndiyo maana twaziomba shule zetu mambo matatu. Mosi, mwalimu wa darasa awatambue wanafunzi wasio na simu na kuwaandalia kazi ya karatasi. Pili, somo liwe maandishi au sauti fupi, kwani video nzito humaliza bando. Tatu, daftari lisahihishwe kila wiki, na mwanafunzi aliyekaa kimya mzazi wake atafutwe.

Nasi wazazi tuna wajibu. Simu itengewe saa ya masomo, na binti apate zamu sawa na kaka yake badala ya kuitwa jikoni. Afya ikiruhusu, madrasa ambazo huwa tupu asubuhi zipokee vikundi vidogo vya wanafunzi, wakiwa na mtu mzima wa kuwasimamia.

Watoto hawa ni amana ya mwalimu na mzazi kwa pamoja. Hakuna atakayeulizwa peke yake.