Siku ya chanjo ya mbwa: mtulize mbwa, umlinde mtoto

Tangazo limepita kijijini jioni: kesho asubuhi kuna chanjo ya kichaa cha mbwa. Wewe una palizi, kwa hiyo unamwambia mwanao wa darasa la nne ampeleke Simba kabla ya kwenda shule. Mtoto anamfunga kamba ya katani shingoni na kumvuta hadi chini ya mwembe. Hapo kuna mbwa wengi wanaobwekeana, watu wageni na harufu ya dawa. Simba, ambaye nyumbani hacheki na mwizi lakini hajawahi kumuuma mtoto, anageuka na kumrukia aliyeshika kamba.

Simba hajaharibika tabia. Ameogopa. Mama au mlezi wa Igalula, kama wa kijiji kingine chochote cha Uyui, anaweza kuizuia hali hii kwa maandalizi ya siku chache tu nyumbani.

Kwa nini chanjo hii ni muhimu kwa mtoto wako?

Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kuumwa. Karibu visa vyote vya binadamu, 99 kati ya kila 100, hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hucheza na mbwa, huchunga nao mifugo, na wakiumwa kidogo huogopa kusema.

Habari njema ni kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea kuenea. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zilipunguza ugonjwa kwa mbwa na idadi ya watu walioumwa. Lakini mbwa aliyekataa kushikwa na kurudishwa nyumbani bila sindano hayumo katika hao 7.

Nitajuaje kuwa mbwa ameogopa?

Mbwa husema kwa mwili kabla ya kuuma. Mfundishe mtoto dalili hizi:

- Anabana mkia katikati ya miguu na kulaza masikio nyuma.
- Analamba midomo wakati hakuna chakula, au anapiga miayo wakati hana usingizi.
- Anageuza uso pembeni huku weupe wa macho ukionekana.
- Anakakamaa ghafla, kama amegandishwa.
- Ananguruma au kuonyesha meno.

Ukiona hivyo, mpe nafasi. Usimpige kwa sababu amenguruma. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huuma bila kuonya.

Nifanye nini wiki moja kabla?

*Mzoeshe kamba.* Mbwa wengi wetu hawajawahi kufungwa. Mvalishe kamba laini au mkanda wa shingoni wakati anakula ukoko wa ugali au vichwa vya dagaa. Acha dakika chache, mvue. Rudia kila siku. Vidole viwili viweze kupita kati ya kamba na shingo. Usitumie waya.

*Mzoeshe kushikwa.* Mguse shingo, mabega na mapaja, mahali ambapo sindano huchomwa. Finya ngozi kidogo, kisha mpe kipande cha chakula. Kazi hii aifanye mtu mzima ambaye mbwa anamwamini.

*Mpeleke kituoni mapema.* Kama chanjo itakuwa ofisi ya kijiji au uwanja wa shule, tembea naye hadi pale siku ambayo hakuna watu. Anuse, azunguke, ale kitu kidogo, mrudi nyumbani. Siku ya chanjo hapatakuwa mahali pageni kwake.

Na siku yenyewe?

1. Mbwa apelekwe na mtu mzima. Mtoto anaweza kufuatana naye, lakini asishike kamba. Mtu mmoja, mbwa mmoja.
2. Nenda mapema, kabla ya jua kali na msongamano. Mpe maji kabla ya kutoka.
3. Simama kando, mbali na mbwa wengine, mpaka zamu yako ifike. Usimfunge kwenye mti mmoja na mbwa wa jirani.
4. Usimburute. Akigoma, simama, ongea naye kwa sauti ya chini, kisha endeleeni.
5. Wakati wa sindano, simama ubavuni mwake. Usimwinamie wala kumkazia macho. Pitisha mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya tumbo, umkumbatie karibu na mwili wako.
6. Mwambie mchanjaji ukweli mapema kama mbwa wako ni mkali, ana mimba au yuko kwenye joto.

Akiwa na wasiwasi sana, kipande laini cha kanga kuukuu kinaweza kuzungushwa mdomoni na kufungwa nyuma ya masikio kwa muda wa sindano tu. Mfungue mara moja, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi. Kama huwezi kumfunga bila kuhatarisha mkono wako, mwachie mtaalamu wa mifugo.

Wapeleke na watoto wa mbwa, hata wadogo. Tunza cheti, na uulize tarehe ya kurudia. Baada ya chanjo mbwa anaweza kupoa au kuvimba kidogo mahali pa sindano kwa siku moja au mbili. Mwache apumzike, na watoto wasimsumbue.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa

Usisubiri kuona kama mbwa ataumwa, hata kama ni mbwa wenu.

- Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa.
- Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa za mitishamba, na usikifunge kwa kubana.
- Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya binadamu hutolewa zaidi ya mara moja, kwa tarehe atakazoandika mhudumu. Usiruke hata moja kwa sababu kidonda kimepona.
- Mbwa akiwa hai na anajulikana, afungwe salama na kuangaliwa kwa siku 10. Mtoto aanze matibabu huku mbwa akiangaliwa. Mjulishe ofisa mifugo wa kata.

Mjamzito na mama anayenyonyesha wanaweza kupata chanjo hii bila hofu, na mtoto mchanga pia.

Leo jioni, keti na watoto na uwaambie jambo moja: wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kidogo, waje kukwambia mara moja, na hawatachapwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na ugonjwa huu hautoi nafasi ya pili.