Kwa Nini Marais wa Marekani Hujikwaa Katika Mdahalo wa Kwanza

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2012, katika jiji la Denver, Rais Barack Obama alisimama jukwaani kwa takriban dakika 90 akikabiliana na mpinzani wake, Mitt Romney. Hakutamka neno lolote la kumwaibisha. Hata hivyo, watazamaji walimwona mara kwa mara ameinamisha kichwa akiandika, huku Romney akizungumza kwa kujiamini, na mdahalo ulipomalizika hata wafuasi wa Rais walikiri kwamba ameshindwa.

Hali hiyo haikumpata Obama peke yake. Ronald Reagan mwaka 1984, George W. Bush mwaka 2004, Donald Trump mwaka 2020 na Joe Biden mwaka 2024 wote walikosolewa vikali baada ya mdahalo wao wa kwanza wakiwa madarakani. Wapo walioepuka mkosi huo, akiwemo Bill Clinton mwaka 1996, lakini mfululizo huo ni mrefu mno kuitwa bahati mbaya.

Sababu ya kwanza iko katika kazi yenyewe. Rais akiwa Ikulu hapingwi usoni. Wasaidizi wake humshauri kwa staha, na katika mkutano na waandishi wa habari ni yeye anayeamua nani aulize na kikao kiishe lini. Mpinzani wake, kwa upande mwingine, hufika akiwa ametoka kunolewa na midahalo ya mchujo ndani ya chama chake. Romney alikuwa amepitia mingi ya aina hiyo, ilhali Obama hakuwa amesimama katika mdahalo wa uchaguzi tangu mwaka 2008.

Sababu ya pili ni uzito wa kauli. Mpinzani huahidi, rais hutetea yaliyokwisha kutendeka, na kila neno lake husikika pia nje ya mipaka. Tarehe 6 Oktoba 1976, jijini San Francisco, Rais Gerald Ford alisema kwamba Ulaya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Umoja wa Kisovieti. Alikusudia kusema kuwa Marekani haikuukubali utawala huo, lakini sivyo alivyosikika. Wapigakura wenye asili ya Poland na nchi jirani walikasirika, na Ford alikaa siku kadhaa kabla ya kukiri kwamba alikosea. Pengine siku hizo zilimdhuru kuliko kauli yenyewe. Mwezi uliofuata Jimmy Carter alimshinda kwa tofauti ndogo.

Je, rais anaweza kukataa? Ndiyo. Hakuna sheria ya Marekani inayomlazimisha mgombea kushiriki mdahalo. Baada ya midahalo ya John F. Kennedy na Richard Nixon mwaka 1960, chaguzi tatu zilipita bila mdahalo wowote wa wagombea urais, na katika mbili kati ya hizo, mwaka 1964 na 1972, rais aliyekuwa madarakani aligombea na kushinda. Katika ukanda wetu pia jambo hili limeonekana. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni hakuhudhuria mdahalo wa Januari 2016, kisha akashiriki ule wa Februari. Nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta hakufika katika mdahalo wa Julai 2017, na Raila Odinga akajibu maswali peke yake.

Carter mwenyewe alijaribu njia hiyo mwaka 1980. Alisusia mdahalo wa Baltimore kwa kuwa mgombea binafsi, John Anderson, alialikwa. Alikubali kukutana na Reagan tarehe 28 Oktoba tu, wiki moja kabla ya kura. Usiku huo Reagan aliwataka wananchi wajiulize kama hali yao ilikuwa bora kuliko miaka minne iliyotangulia. Carter hakuwa na siku za kutosha kulifuta swali hilo vichwani mwao, akashindwa.

Kwa wanaokubali, maandalizi ndiyo kinga. Rais hujifungia na washauri kwa siku kadhaa, na mtu mmoja huigiza nafasi ya mpinzani. Mwaka 2012 kazi hiyo alipewa Seneta John Kerry, aliyeelekezwa kumbana Rais bila huruma. Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu anayetakiwa kumkatiza Rais ndiye huyo huyo aliyezoea kumwita mheshimiwa. Kabla ya Denver, Obama hakuyafurahia mazoezi hayo, hata akatoka kwenda kutazama bwawa la Hoover. Kabla ya mdahalo wa pili, jijini Hempstead tarehe 16 Oktoba, aliyachukulia kwa uzito mkubwa, na watazamaji waliiona tofauti.

Maandalizi nayo yanaweza kuzidi kipimo. Mwaka 1984 Reagan, akiwa na umri wa miaka 73, alibabaika katika mdahalo wa Louisville, na watu wake wa karibu wakalalamika kwamba amejazwa takwimu kupita kiasi. Wiki mbili baadaye, jijini Kansas City, alipoulizwa kuhusu umri wake alijibu kwamba hatautumia ujana na uchache wa uzoefu wa mpinzani wake kwa faida ya kisiasa. Walter Mondale, aliyekuwa na miaka 56, alicheka pamoja na ukumbi mzima. Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50.

Ukiwatazama Reagan, Bush wa mwaka 2004 na Obama, utaona kwamba wote walijikwaa, wakapata mdahalo wa pili ndani ya wiki chache, na wakachaguliwa tena. Ratiba, kwa maoni ya mwandishi, ina uzito sawa na ufasaha.

Hilo lilidhihirika mwaka 2024. Kambi za Biden na Trump ziliacha utaratibu wa tume binafsi iliyosimamia midahalo tangu mwaka 1988, zikakubaliana moja kwa moja na vituo vya televisheni. Mdahalo wa kwanza ulipangwa tarehe 27 Juni jijini Atlanta, mapema kuliko ilivyozoeleka, na wa pili tarehe 10 Septemba. Biden alijiandaa Camp David kwa takriban wiki moja, lakini jukwaani sauti yake ilififia na baadhi ya sentensi zikakatika. Mdahalo wa pili ulikuwa mbali kwa zaidi ya miezi miwili. Tarehe 21 Julai alijiondoa katika kinyang'anyiro, na ilipofika Septemba aliyesimama mbele ya Trump alikuwa Makamu wa Rais, Kamala Harris.