Mtihani Umekwisha, Matayarisho Je?

Kila ifikapo mwisho wa mwaka, watoto wetu wa Darasa la Sita katika Unguja na Pemba huweka kalamu chini, na wazee hubaki wakisubiri matokeo ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Siku matokeo yatokapo, majina ya waliochaguliwa kuingia skuli za vipawa maalumu na madarasa ya michepuo hutajwa kwa fahari mjini na mashamba, na ni haki yao kutajwa. Lakini baada ya pongezi hizo limebaki suala moja ambalo hatulisikii likiulizwa kwa sauti inayostahili. Baina ya mtihani wa mwisho na siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, nani mwenye dhamana ya kumtayarisha mtoto?

Jawabu, tukisema kweli, ni kuwa dhamana hiyo haina mwenyewe. Mwalimu wa msingi huona kazi yake imekwisha. Mwalimu wa sekondari huona kazi yake itaanza mtoto atakapofika mlangoni kwake. Ofisi ya elimu imeshughulika na nafasi, madawati na mgao wa walimu. Mzazi naye, akishaambiwa kuwa mwanawe amepasi, hushukuru Mungu na kuanza kutafuta fedha za sare. Mtoto wa miaka 12 au 13 huachwa avuke peke yake.

Hatuyasemi haya kwa kubeza juhudi zilizokwishafanywa. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na kwa tangazo hilo mlango uliokuwa wa wachache ukafunguliwa kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Tangu hapo visiwa vyetu vimejenga skuli hadi katika vijiji vya mbali, na katika miaka ya karibuni tumeshuhudia majengo ya ghorofa yakiinuka ili kuondoa msongamano na mikondo miwili ya asubuhi na mchana. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini jengo humpokea mtoto kwa mwili wake tu. Akili yake na moyo wake hupokewa na watu, tena watu waliojiandaa kumpokea.

Hebu tutazame ni mabadiliko gani yanayomkuta mtoto huyu kwa wakati mmoja. Katika skuli ya msingi alizoea walimu wachache waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Sekondari anakuta mwalimu mwengine kwa kila somo, na wote ni wageni kwake. Huenda skuli mpya iko mbali zaidi na nyumbani, na kwa watoto wa visiwa vidogo, safari yaweza kutegemea bahari kujaa na kupwa. Juu ya yote hayo, lugha ya kufundishia inageuka. Isipokuwa Kiswahili, Kiarabu na dini, masomo ya sekondari husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye mzigo mzito. Mtoto aliyekua akiona mamake akianika chumvi anajua vizuri kabisa kuwa maji hupotea juani na chumvi ikabaki. Aliyesaidia shambani anajua kazi ya mzizi, ya shina na ya jani. Aliyepanda ngarawa anajua kwamba upepo wa kaskazi hauvumi kama wa kusi. Elimu hiyo anayo, na katika Darasa la Sita aliweza kuieleza mbele ya wenziwe. Inapofika Januari huulizwa mambo yaleyale kwa majina asiyoyajua, naye hunyamaza. Mwalimu mpya, ambaye hakumjua jana, huchukulia kimya kile kuwa ni ujinga. Haupiti muda mrefu mtoto mwenyewe naye akakubali kwamba hajui kitu. Hii ndiyo hasara kubwa kupita zote, kwa maana fedha za umma zilizotumika kumsomesha miaka sita zinaanza kupotea katika wiki chache tu.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba tatizo hili liliwahi kutambuliwa na kutafutiwa dawa. Katika mfumo uliotangulia, watoto wengi waliomaliza msingi walipitia darasa la matayarisho la mwaka mzima kabla ya kuingia Kidato cha Kwanza, na shughuli yake kubwa ilikuwa kuwazoeza Kiingereza cha masomo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliupanga mfumo upya. Elimu ya msingi ikawa miaka sita badala ya saba, sekondari ya kawaida ikabaki miaka minne, darasa la matayarisho likaondolewa, na ikaagizwa kwamba hisabati na sayansi zianze kusomeshwa kwa Kiingereza tangu Darasa la Tano. Nia ilikuwa njema, nayo ni kumwokolea mtoto mwaka mzima na kuigawa safari ya lugha katika hatua ndogo. Lakini darasa lililoondolewa lilikuwa na kazi, na kazi haiondoki kwa kuondolewa jina lake. Kama haifanywi tena katika mwaka wa peke yake, lazima ifanywe na mtu fulani, mahali fulani, katika wakati unaojulikana.

Tunafahamu pia kwamba uko mjadala mkubwa zaidi juu ya lugha yenyewe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia Januari 1985, na pendekezo hilo halikukubaliwa na serikali ya wakati ule. Sisi wa visiwa hivi, ambao lahaja yetu ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tuna kila sababu ya kuufuatilia mjadala huo kwa makini. Lakini mtoto atakayeingia darasani Januari hawezi kusubiri hadi wakubwa wakubaliane. Yeye anahitaji msaada wa mwaka huu.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo yafuatayo, ambayo hayahitaji majengo mapya wala fedha za kigeni.

Kwanza, ripoti ya mwisho wa mwaka iwe barua kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwalimu. Ripoti nyingi ni safu ya alama na maneno mawili, "aongeze bidii." Maneno hayo hayamsaidii mwalimu wa Kidato cha Kwanza hata kidogo. Angelifaidika zaidi kwa kuambiwa kama mtoto aweza kusoma aya moja ya Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili, kama sehemu na desimali zimemwingia, kama haoni ubao vizuri au hasikii vizuri, na kama kuna somo ambalo macho yake hung'ara linapotajwa. Ripoti hiyo imfuate mtoto hadi skuli anayokwenda, isibaki kabatini ikiliwa na mchwa.

Pili, kila wilaya miongoni mwa wilaya zetu 11 itenge siku moja kabla ya skuli kufunguliwa, ambapo walimu wa Darasa la Sita na wa Kidato cha Kwanza watakutana katika kituo cha walimu. Mmoja aseme alipofika na mada zake, mwengine aseme anapoanzia. Pengo litakaloonekana hapo lijazwe na wote wawili kwa makubaliano, badala ya kila mmoja kumlaumu mwenziwe mtoto akishaanguka.

Tatu, wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza zifanywe wiki za kuvusha. Kila mwalimu wa somo achukue yale ambayo mtoto amekwishayajua kwa Kiswahili, ampe majina yake ya Kiingereza, amzoeze kuyatamka, kuyaandika na kuyatumia katika sentensi fupi, kisha ndipo aanze mada mpya. Mwalimu anayeogopa kuchelewa na muhtasari akumbuke kwamba haraka haraka haina baraka. Mwezi mmoja wa kujenga msingi humwokolea miaka mitatu ya kurudia rudia.

Nne, tunawageukia wazee na walezi. Likizo ya Desemba ina mishawishi mingi. Ni msimu wa watalii katika fukwe zetu, na kijana aliyeonja shilingi ya ufukweni huona taabu kurudi kwenye dawati. Zinapokuwa tayari karafuu, mikono yote hutakiwa mashamba. Pwani ya mashariki ya Unguja mwani nao hauwasubiri watu. Hatusemi mtoto asisaidie nyumbani, kwani kazi ni sehemu ya malezi yetu. Tunasema apewe saa moja kila siku ya kusoma kwa sauti, hata kama aliye karibu naye ni kaka au dada aliyefika Kidato cha Pili tu. Na kwa watoto wa kike tunasisitiza zaidi. Likizo isigeuzwe kuwa mlango wa kumwachisha masomo kwa kisingizio cha umbali wa skuli au cha kazi za ndani. Masheha na kamati za skuli wanajua nani ametoweka, nao wana wajibu wa kubisha hodi mapema, kabla ya Machi kuwakuta watoto wamekwishapotea.

Yote tuliyoyasema juu ya Kidato cha Kwanza yanamhusu pia mwanafunzi anayemaliza Kidato cha Pili, ambaye mtihani wake ndio mlango wa Kidato cha Tatu na wa masomo atakayoyachukua hadi mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne. Huyu huchagua njia ya maisha akiwa bado hajaambiwa njia hizo zinaelekea wapi. Wako wanaochukua sayansi kwa kufuata marafiki, na wako wanaoikimbia kwa uvumi kwamba ni ngumu. Tungependa kila skuli iwe na mwalimu wa ushauri atakayekaa na mwanafunzi na mzee wake kabla ya uamuzi huo. Ushauri huo usiyasahau mafunzo ya amali. Vituo vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji havikujengwa viwe jaa la walioshindwa. Fundi umeme, seremala na fundi wa mashine za boti ni watu wanaohitajika sana katika visiwa vinavyoishi kwa bahari na kwa wageni.

Maafisa wetu wa elimu watasema kwamba baadhi ya skuli tayari zinafanya haya. Tunakubali, na tunazipongeza. Ila jambo jema linapotegemea wema wa mwalimu mkuu mmoja, huondoka naye siku anapohamishwa. Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iyaweke haya katika waraka mmoja mfupi, wenye tarehe na wenye jina la mwenye dhamana, utakaofika kila skuli kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka kuanza.

Mtihani hupima na kuchagua, lakini hautayarishi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu, nao hawakusema kwamba akunjwe na nani, kwa kuwa walijua ni kazi ya mji mzima. Januari haiko mbali. Wenye skuli, wenye ofisi na wenye watoto, kila mmoja ashike sehemu yake tangu sasa.